Uso wa Deusi

Leokadia tulimzika wiki iliyopita, na katika wasifu wake mwanawe mkubwa alisoma majina ya watoto wote bila kukosea, ila hakumtaja Deusi. Sikumlaumu. Wasifu hutaja walioachwa, na Deusi hakuachwa, alitangulia. Tena alitangulia kabla hawa wengine hawajazaliwa, na baba yao, mwanamume mpole wa Kemondo ambaye Leokadia alimpata miaka mingi baadaye, sidhani kama aliwahi kusimuliwa habari hizi. Lakini nilipokuwa nimekaa pale chini ya turubai, mvua ikitupiga visogoni na vijana wakinyoosha simu zao juu ya jeneza, nilimkumbuka Deusi. Mjukuu wake mmoja akaniinamia akasema, "Bibi, wanasema wewe ulikuwa mpiga picha zamani, wakati wanawake hawapigi. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli, tena nilikuwa mbaya sana. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa mbaya, na katika mwaka huo bibi yake alitaka kwangu kitu kimoja tu. Waliokijua wote wamekwisha kufa isipokuwa mimi.

Ulikuwa mwaka wa vijiji, watu wakihamishwa kutoka mashamba yao ya zamani, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Chumba chetu kilikuwa Kahororo, katika nyumba ya bati yenye vyumba vilivyopangwa mstari, na kati ya kitanda changu na cha Leokadia kulikuwa na pazia la kanga kuukuu. Leokadia alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka mjini. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na maneno ya watu ndiyo peke yake yaliyopatikana bila foleni. Pale bombani nilisikia wanawake wakisema kwamba Deusi, mtoto wa Leokadia, si wa Felisiani, ni wa karani mmoja wa ghala la kahawa, na kwamba Leokadia anamsingizia mvuvi wa watu. Felisiani alikuwa amekwenda kuvua kisiwani Goziba tangu mimba haijaonekana, na maneno ya bombani yalimfikia huko upesi kuliko barua yoyote. Alipopelekewa habari kwamba amepata mwana, alijibu kwa mdomo wa mchuuzi wa samaki: "Nitaamini nikimwona." Kuja hakuja. Na mwanamke anayemfuata kambini mwanamume aliyemkana, tena na mtoto mgongoni, angepewa jina ambalo lisingemtoka mpaka kufa. Asubuhi, nyuma ya lile pazia, nilimsikia Leokadia akimwogesha Deusi huku akimhoji, "Paji hili umelitoa wapi, waitu, wewe wa kwetu? Sema, na sikio hili lililokunjika umelitoa wapi?" Mtoto alicheka. Paji lilikuwa limetokeza mbele, na sikio la kushoto lilikuwa limekunjika juu, na kila aliyemjua Felisiani alijua vimetoka wapi. Ila Felisiani mwenyewe alikuwa ng'ambo ya maji.

Kwetu mtoto asiye na baba wa kumtaja hana ukoo, na asiye na ukoo hana kibanja, lile shamba la migomba la urithi. Hana pa kulima akikua, na hana pa kulazwa akifa. Baba yake Leokadia naye alikuwa amesema asirudi nyumbani mpaka arudi na mwenye mtoto. Kwa hiyo Leokadia alikuwa amefikiri, akaona njia moja: Deusi apigwe picha, uso wake uonekane vizuri, paji na sikio, na picha hiyo ivuke ziwa impelekee baba yake ushahidi. "Wewe uko studio," aliniambia tukila ndizi na maharage kwenye sufuria moja. "Nifanyie hilo tu, sitakuomba lingine." Nilimwambia ni jambo dogo. Ndivyo nilivyodhani, maana nilikuwa nimeanza kazi juzi tu.

Studio ilikuwa ya Ta Kamugisha, mzee mwembamba mwenye kikohozi, na kazi yangu ya kwanza pale ilikuwa kufagia, kuwachana nywele wateja wa kike, na kulinda lile koti moja na ile tai moja ambavyo kila mwanamume wa Bukoba alipigwa picha amevivaa. Siku moja aliniita akaniweka mbele ya kamera. Ilikuwa ile ya kuinamia, unatazama kwa juu kwenye kioo, na kila kitu kinaonekana kimegeuka: mtu akisogea kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto. Wiki nzima niliwafukuza watu kwenye picha nikidhani nawaingiza. Kisha zikaja namba. Tundu la lenzi lilikuwa na namba zake, na namba ilivyokuwa kubwa ndivyo tundu lilivyokuwa dogo, jambo ambalo kichwa changu kilikataa kabisa. "Fikiria ofisini," Ta Kamugisha aliniambia. "Cheo kikubwa, mlango mwembamba." Hapo nikaelewa na sijasahau mpaka leo. "Sasa tundu ni ukubwa wa dirisha, na spidi ni muda unaoliacha wazi. Ukipunguza huku, ongeza huku. Hakuna kingine, mwana wange. Yaliyobaki ni kumwomba Mungu watu wasitikisike."

Filamu ilikuwa haipatikani, ikija inakuja kwa kujuana, kwa hiyo alinifundisha bila filamu. Mchana mke wake alipotuletea chakula, yeye aliinua kidole kutoka kwenye sahani akauliza, "Uso wa mama pale mlangoni, ngapi?" Nikisema kumi na moja, alitikisa kichwa: "Umemzamisha gizani." Nikisema nne, "Umemuunguza." Mke wake alikuwa akila huku akizamishwa na kuunguzwa, wala hakuinua macho. Alinifundisha kusoma vivuli kabla ya kusoma namba. Kivuli chenye makali, ziba tundu. Kivuli kilichopoteza makali, fungua. Hakuna kivuli, fungua tena. Na chini ya migomba, usiamini macho yako, maana jicho la Mhaya limezaliwa kwenye kivuli kile na linaona pako wazi wakati filamu inaona giza. Ndani ya boksi la filamu kulikuwa na karatasi yenye michoro ya jua na mawingu ikisema namba za kutumia. Aliitupa. "Aliyeandika hii," alisema, "hajawahi kumpiga picha mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta wa chokaa."

Mara ya kwanza nilipompiga Deusi, Ta Kamugisha aliniachia mwenyewe, kwa sababu mtoto alimlilia yeye na mimi alinizoea. Picha moja tu, hakuna ya pili, ndiyo ilikuwa sheria ya studio siku zile. Leokadia alimshika kiunoni. Siku ilikuwa ya mawingu, nikaweka spidi ya polepole ili mwanga utoshe, na wakati dirisha liko wazi Deusi akageuka kumtafuta mama yake. Iliyotoka ilikuwa picha ya mikono ya Leokadia, safi kabisa, imeshika wingu. Mara ya pili, miezi ilikuwa imepita na filamu nyingine imepatikana, tulimpiga nje penye jua ili spidi iwe ya haraka. Leokadia alimvika gauni jeupe la ubatizo, hakukubali vazi lingine. "Aonekane ana mtu," alisema. Nilipima mwanga wote ule uliokuwa ukirudi kutoka kwenye gauni na ukuta, nikaziba tundu. Safari hii hakutikisika hata kidogo, na iliyotoka ilikuwa gauni zuri sana, kila kishono kinaonekana, na juu yake duara jeusi lisilo na macho wala paji wala sikio. Leokadia aliishika picha ile kwa muda, kisha akasema, "Hata kamera nayo inasema hana uso?" Nilitamani ardhi inimeze. Ta Kamugisha alikohoa, akasema tutarudia filamu ikija, na mara hiyo tutasoma uso, gauni liungue likitaka.

Kati ya mara hiyo na iliyofuata tulikwenda Muleba. Mzee mmoja aliyehamishiwa kijiji kipya, kule kwenye rweya, mbuga tupu ya nyasi ambako mgomba hauoti, alikuwa amefariki, na wanawe walimbeba wakamrudisha kwenye kibanja chake cha zamani wamzike humo. Nyumba ilikuwa imekwisha ezuliwa. Walimwita Ta Kamugisha apige picha ya mwisho, ukoo wote umezunguka jeneza lililofunuliwa, na Leokadia akaomba kupanda nasi kwenye lori maana nyumbani kwa akina Felisiani hapakuwa mbali. Pale msibani mgambo wawili walisimama barabarani, wakatazama, hawakuwazuia, ingawa kurudi kwenye kibanja cha zamani kulikuwa kumekatazwa. Chini ya migomba palikuwa na giza ambalo sasa niliweza kuliona. Ta Kamugisha alitaka wa mbele na wa nyuma wote watoke, akaziba tundu, kwa hiyo dirisha likabidi likae wazi sekunde nzima. "Msipumue," alisema. Lakini nani atamzuia mfiwa asipumue? Tuliporudi na kuosha ile picha, nyuso zote zilikuwa zimepakazika, wana, wakwe, wajukuu, kama wamefutwa kwa kitambaa chenye maji, na katikati yao mzee peke yake alikuwa amekaza, kila unywele wa ndevu zake unaonekana. Ta Kamugisha aliitundika ikauke. "Maiti ndiye mteja mzuri," alisema. "Hatikisiki." Hakucheka.

Baada ya mazishi nilimsindikiza Leokadia kwa Ma Yustina, mama yake Felisiani. Tulimkuta amekaa mlangoni, na nyuma yake nyasi mbichi za kumkalisha mgeni zilikuwa zimetandikwa sakafuni ndani, lakini sisi alituonyesha benchi la uani. Hakutupatia hata amwani, zile buni za kutafuna ambazo kwetu hata mdai hupewa. Leokadia alipiga magoti akasalimia, akamsogezea Deusi magotini. Bibi alinyoosha mkono, akaurudisha kabla haujamgusa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, meupe yote mawili. "Mimi simkatai wala simkubali, mwana wange," alisema kwa upole mkubwa. "Ningekuwa naona ningesema. Nikimgusa, moyo wangu utasema peke yake, na neno si langu. Mimi niliolewa tu hapa. Felisiani akisema ni wake, atalala humu ndani leo hii, na kibanja hiki ni chake. Asiposema, niseme nini?" Njia nzima mpaka Bukoba Leokadia alikaa juu ya magunia, amemfunika mtoto vumbi lisimwingie. Tulipokaribia Kemondo na ziwa likaonekana, alisema, "Edita, jifunze upesi."

Nilijifunza. Nasema hivi bila majivuno, nilijifunza kwa hofu. Kila nilipopita niliupima uso wa kila mtu, wa muuza karanga, wa padri altareni, mpaka nikajua namba kabla ya kufikiri. Ta Kamugisha akaacha kunisahihisha. Filamu ilipokuja, surua ilikuwa imetangulia. Iliingia Kahororo nyumba kwa nyumba, na Deusi alilazwa hospitalini mjini, wawili wawili kitandani, macho yamevimba. Nilikwenda na kamera imefungwa kwenye kanga. Nilimwambia Leokadia sasa naweza, dirisha la wodi ni zuri, nitampata kwa sekunde. Alinikatalia. "Mgonjwa hapigwi picha. Unataka kumwonyesha baba yake uso huu? Akipona." Mama wa kitanda cha pili akasema kweli, akipona. Muuguzi aliyekuwa akipita naye akasema, "Msimpige sasa dada, mtamwitia mambo. Akipona." Hata Ta Kamugisha nilipomsimulia alisema ndivyo ilivyo, picha ni ya mtu aliyepona, amejipaka mafuta, amevaa. Watu wote niliowaheshimu walisema akipona. Basi nikaingoja siku hiyo pamoja nao, na Deusi akafa asubuhi moja mama yake akiwa amekwenda kumchotea maji.

Walitukabidhi mwili tukamrudisha chumbani. Leokadia alimwosha, akampaka mafuta, akamvika lile gauni jeupe, akamlaza kitandani karibu na dirisha kwa ubavu, sikio la kushoto juu. Kisha akafunua pazia akaniambia, "Sasa mpige." Uvimbe wa macho ulikuwa umeshuka. Nje kulikuwa na wingu jembamba, kivuli hakina makali. Niliweka kamera kwenye stendi, nikainama. Nilisoma uso, gauni nikaliacha. Niliziba tundu ili kila kitu kikaze, kuanzia ncha ya pua mpaka mkunjo wa sikio, na nikaliacha dirisha wazi sekunde nzima, kwa sababu hapakuwa na haja ya haraka. Kwenye kioo alikuwa amegeuka, kama kila mtu. Nilibonyeza. Nilijua palepale kwamba imetoka, na kwa nusu ya pumzi nilifurahi, furaha kabisa, ile ya fundi. Kisha nikakaa chini sakafuni nikalia mpaka Leokadia mwenyewe akanibembeleza.

Ilikuwa picha yangu ya kwanza nzuri, na katika kazi yangu yote sijui kama nilipiga nyingine iliyoishinda. Paji lilitokeza na mwanga umelikalia. Sikio lilikunjika. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo kama anayetaka kuomba kitu, na yeyote angesema mtoto amelala baada ya kunyonya. Ta Kamugisha aliikausha, akaichukua kalamu aandike nyuma, kama tulivyofanya kwa picha zote za marehemu. Leokadia akamshika mkono. "Usiandike kitu, Ta."

"Atadhani amelala, mwana wange."

"Ndivyo ninavyotaka. Maiti kila mtu humkubali, maana haombi chakula. Felisiani akijua amekufa, atasema alikuwa wake, atalia, atasifiwa kwa huruma. Mimi nataka amkubali akidhani kuna mdomo wa kulisha."

Ta Kamugisha alimtazama, akaifunika kalamu. Picha iliondoka na mchuuzi wa samaki kupitia Kemondo, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, bila neno jingine. Deusi tulikuwa tumemzika kwenye makaburi ya mji, upande wa watu waliofia hospitalini bila kwao, kati ya msafiri mmoja na mwingine. Hakuna mgomba pale. Padri alisoma haraka kwa sababu nyuma yetu watu walikuwa wanangoja na maiti wao wa surua. Siku zilizofuata nilimsikia Leokadia nyuma ya pazia, asubuhi, akimimina maji kwenye beseni la mtoto, kisha akiyamwaga nje.

Nilikuwa nimekata tamaa. Nilidhani picha imeangukia majini, au ameiona akaitupa. Kumbe ziwa lilikuwa limechafuka na mitumbwi haikutoka. Jumapili moja, tumetoka kanisani, tunamenya ndizi mlangoni, mwanamume alikuja kwa haraka kwenye kile kichochoro, suruali imekunjwa magotini, paji la uso limetokeza. Sikuwa nimewahi kumwona lakini nilimjua, nilikuwa nimelipima lile paji kuliko mtu yeyote duniani. Mkono mmoja alikuwa na furushi la samaki wakavu, na mwingine kaptura mpya ya mtoto, kubwa mno, ya kukulia. Alisimama mbele ya Leokadia. Akatoa picha yetu mfukoni mwa shati, imeanza kuchakaa pembeni.

"Nimewaonyesha kambi nzima," alisema. "Wakanicheka. Wakasema wewe mjinga, umejikana mwenyewe. Leokadia, nisamehe. Nimepitia kwa mama, nimemwambia. Ametandika nyasi, anatungoja. Amesema mtoto asiingie amebebwa na mtu mwingine, nimbebe mimi." Alikuwa akitazama ndani, juu ya bega la Leokadia, kitandani. "Yuko wapi? Kwa jirani?"

Leokadia aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, utomvu wa ndizi hautoki upesi. "Sema kwanza," alisema.

"Niseme nini? Nimekwisha sema kwa mama."

"Sema hapa. Mbele ya Edita."

Felisiani alinigeukia, akaona aibu, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha. "Deusi ni mwanangu," alisema. "Ni wa kwetu. Kibanja cha baba yangu ni chake."

"Asante," Leokadia alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alivaa viatu, akajifunga kanga ya pili. "Twende basi, nikupeleke alipo."

Alimwonyesha njia kwa mkono, ile ya kushuka mjini, nami nikabaki mlangoni na ndizi nusu zimemenywa. Felisiani alitangulia mbele yake karibu akikimbia, kaptura mkononi, na mpaka walipofika kwenye kona nilikuwa bado namsikia akimwuliza kama mtoto ameanza kutembea.